Hanjari Isiyo na Mrithi

Mtu anayekusanya visu hulazimika kujieleza mara mbili: kwanza kwa majirani zake, kisha kwa wanawe. Majirani zangu wa Mikindani nilimalizana nao zamani. Walikwisha kuona kwamba mzee huyu hana ugomvi na mtu, na kila ifikapo Idi Kubwa wao wenyewe hunijia alfajiri na visu vyao niwanolee. Kwa wanangu ndiko kwenye kazi, kwa kuwa wao ndio watakaoachiwa vitu hivi siku Mwenyezi Mungu (S.W.) atakaponichukua.

Ninavyo visu 32, nilivyovikusanya kwa miaka zaidi ya thelathini, tangu nilipokuwa karani pale Mtwara. Wazazi wangu wametangulia mbele ya haki. Nyuma yangu kuna mke mmoja, mwana wa kiume mmoja na mabinti wawili. Mwenye kuijua elimu ya mirathi ataona upesi jinsi hesabu hii inavyokaa: thumuni ya mke ni visu vinne, vinabaki 28, mwana apate 14, na kila binti saba. Hakuna kinachozidi wala kinachopungua. Nilipoifanya hesabu hiyo mara ya kwanza, nyuma ya karatasi ya bili ya maji, nilifurahi kwa muda wa dakika kumi hivi, mpaka nilipoinua macho nikalitazama kabati.

Kabati lenyewe ni la mninga, lina vioo mbele, na limewekwa mbali na dirisha linaloelekea baharini. Ndani yake kuna kotama mbili kuukuu za wagema. Kuna shembea yenye tumbo pana iliyokuwa ya mvuvi wa Msangamkuu. Kuna kisu kifupi cha mchonga vinyago wa uwanda wa Makonde, kilichonolewa miaka mingi hata bapa lake limekuwa jembamba kama jani la mwanzi. Kuna visu vidogo vya kubangulia korosho, vilivyoliwa na mafuta makali ya ganda lake. Kuna kisu chenye chapa ya Solingen, mji wa Ujerumani ambao jina lake tangu 1938 linalindwa kwa sheria ili lisigongwe juu ya chuma cha mahali pengine; nilikipata kwa familia iliyokaa jirani na boma letu, lile lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Kuna panga fupi lililofuliwa kwa kipande cha reli ya Nachingwea, reli iliyoletwa na mradi wa karanga na kung'olewa baada ya mradi huo kufa. Na kuna hanjari.

Hanjari ni jambia la Kiomani. Ala yake hupinda karibu pembe mraba, na hufungwa kiunoni kwa mshipi ulioshikwa na pete za fedha. Ile ya Kisaidi, inayonasibishwa na ukoo wa kifalme, ina pete saba. Hii yetu ina nne. Mpini wake ni wa mti uliovikwa fedha iliyotobolewa kwa nakshi. Wenye kuhofia mapambo hayo wakumbuke kwamba fedha katika silaha ya mwanamume imeruhusiwa, na imepokewa kuwa kitako cha mpini wa upanga wa Mtume (S.A.W.) kilikuwa cha fedha, kilichokatazwa wanaume ni kujipamba kwa dhahabu. Mwaka 2022 shirika la UNESCO liliuingiza ufundi wa hanjari na desturi zake katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Yetu babu aliipokea kwa nahodha wa jahazi la Sur, kulipia deni la nazi. Tangu hapo imefungwa kiunoni na mabwana harusi wengi wa mtaa wetu, juu ya kanzu na ndani ya joho, na kurudishwa siku ya pili yake.

Babu alipofariki, hanjari hiyo ilikaa miaka kumi na moja kati ya baba yangu na baba yangu mdogo kama ukuta. Kila mmoja alikuwa na hoja. Baba ndiye mkubwa. Baba mdogo ndiye aliyemuuguza mzee. Walisali msikiti mmoja, wakati mwingine safu moja, na wakishatoa salamu kila mmoja alishika njia yake. Aliyewapatanisha ni shangazi, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuna aliyetaja fungu lake yeye. Baba akawalipa wote wawili haki zao kwa minazi, na hanjari ikabaki kwake. Kwake ikaja kwangu, nikiwa mtoto wake pekee. Basi nilipolitazama kabati siku ile niliona kwamba hesabu ya vichwa vya visu si hesabu ya haki. Ilinipasa kwanza kujua kila kimoja kina thamani gani, na mwenye mali si mtu wa kuulizwa thamani ya mali yake.

Huko ng'ambo wapenzi wa visu wana mahali pa kuulizana. Mjini Atlanta, Marekani, kila mwaka hufanyika maonyesho makubwa ya watengenezaji wa visu vya mkono. Afrika Kusini nako mafundi wana chama chao tangu 1980. Sisi hatuna maonyesho ya visu peke yake. Tuna Nanenane. Kwa kanda yetu ya kusini hufanyika katika viwanja vya Ngongo, Lindi, na baada ya mabanda ya korosho, ufuta, mbuzi wa maziwa na matrekta, mtu akitembea kwa subira atawakuta wahunzi. Agosti iliyopita niliamua kwenda, si kununua kama siku zote, bali kuvipeleka vyangu vikatazamwe na watu wa kazi.

Nilichagua kumi na viwili. Nilimwendea mtendaji wa mtaa akaniandikia barua, kwani katika pwani hii, kwa yaliyotokea ng'ambo ya Ruvuma na hata upande wetu wa mto, mzee mwenye sanduku la visu ndani ya basi anastahili kuulizwa. Nilivifuta mafuta ya cherehani. (Msipake mafuta ya nazi, huchacha na kunata. Wala msihifadhi kisu ndani ya ala ya ngozi kwa miezi, maana ngozi hushika unyevu wa bahari na kula chuma.) Kila kimoja nilikiviringisha katika kipande cha kanga kuukuu na kukifunga kamba, sanduku likatiwa kufuli. Mtume (S.A.W.) aliwaagiza waliopita misikitini na masokoni wakiwa na mishale washike ncha zake, asije Mwislamu akajeruhiwa, akakataza pia watu kupeana upanga uliofutwa alani. Adabu zote za maonyesho ya visu naona zimekwisha kuelezwa katika maagizo hayo mawili.

Aliyefuatana nami ni binti yangu wa pili. Yeye ni mama lishe hapo Mtwara, na siku moja hupitisha mkononi samaki wengi kuliko ninaowala mimi kwa mwezi. Nilimchukua kwa ajili ya kubeba sanduku, au ndivyo nilivyomwambia.

Wahunzi walikuwa watatu, chini ya turubai, upepo wa kusi ukiwapeperushia vumbi jekundu. Wa kwanza alikuwa kijana mwenye meza iliyofunikwa kitambaa cha kijani, na juu yake visu vinavyong'aa kama vioo, mipini imepakwa vanishi. Nilimwomba ruhusa, nikapitisha tupa kwenye makali ya kimoja. Tupa ikauma. Chuma kilichotiwa maji sawasawa huifanya tupa iteleze. Kikiumwa, basi ama hakikukolea moto, ama ni chuma kisichoweza kukolea. Hiki kilikuwa nondo ya kujengea. Nondo hufuliwa kwa urahisi na hupendeza, lakini makali yake hayamalizi kuku mmoja. Sikumwambia neno mbele ya wateja. Nilipoaga alinifuata hatua chache, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, springi za lori zimekuwa ghali." Nikamjibu kwamba naelewa, na kweli naelewa, lakini mtu aliyekilipia kisu hicho atakwenda kuchinjia.

Nasimama hapa kidogo, maana jambo hili wengi hulipuuza. Mtume (S.A.W.) ametufundisha ihsani katika kila kitu, hata katika kuchinja: mchinjaji akinoe kisu chake, amwondolee mnyama adha. Akamkemea mtu aliyekuwa akinoa mbele ya mnyama aliyekwisha kulazwa. Sisi hubishana kila mwaka juu ya umri wa mbuzi na kasoro za pembe zake, kisha tukamchinja kwa kisu cha kumenyea muhogo.

Mhunzi wa pili alikuwa mtu wa makamo, mwenye Kimakonde cha ng'ambo ya mto. Alivuka kutoka upande wa Palma mwaka 2021, yeye na familia yake. Mbele yake palikuwa na visu vya jikoni, vijembe vya palizi na vyuma vya kubangulia korosho, vyote vya springi, vizito kidogo lakini vya kweli. Nikamuuliza kama hana panga. "Panga sifui tena, sheikh," alijibu, na akaendelea kufuta meza yake. Binti yangu alinunua kwake visu viwili, na hakuomba apunguziwe.

Wa tatu ndiye niliyekuwa nikimtafuta. Ni mzee kutoka uwanda wa Newala, ambaye amefua chuma tangu utoto. Alikuwa na mvukuto wa ngozi wa kizamani kando ya feni ya umeme, na alisema anautumia mvukuto watu wakitaka kupiga picha.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia, kwani amenizidi miaka.

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea wagonjwa?"

Nikafungua sanduku juu ya mkeka. Hakuuliza kilipotoka kisu chochote wala nilikipata vipi. Alikamata kimoja kimoja, akakiinua jichoni kutazama kama mgongo umenyooka, akakigonga kidogo kwenye fuawe na kusikiliza. Chuma kizima hulia, chenye ufa hukohoa. Alitikisa kila mpini kujua kama msuka, yaani mkia wa kisu unaoingia ndani ya mpini, umelegea, na akazungusha kila noleo kwa kidole. Kisha akavipanga mafungu matatu. Fungu la kwanza vilikuwa vinne: shembea, kisu cha mchonga vinyago, kile cha Solingen, na kisu kimoja cha jikoni cha mpini wa mpingo ambacho mimi huwa nakisahau. Fungu la pili vilikuwa vitano, ambavyo alisema vikirudishwa motoni vitafaa. Fungu la tatu lilikuwa kotama moja, panga la reli na hanjari.

"Hivi?" nikauliza.

"Hivyo ni vya kutazama."

Panga la reli liliniuma. Nilikuwa nikiliweka katikati ya kabati. Mzee alinionyesha mstari mwembamba karibu na mpini, ambao kwa miaka kumi na sita nilidhani ni alama ya nyundo. Ulikuwa ufa. Fundi aliyelifua alilitia maji chuma kikiwa na moto kupita kiasi, akaacha kulirudisha joto taratibu ili ukali wa ugumu upungue. Mzee alieleza kazi hiyo kwa maneno machache: chuma kiwe chekundu mpaka sumaku isikishike tena, kizamishwe katika mafuta, kisafishwe kidogo, kisha kirudishwe karibu na moto mpaka rangi ya majani makavu ipite juu yake. Ikifika buluu umechelewa kwa kisu, labda kwa springi. Nimesoma vitabu juu ya jambo hili, na sikupata maelezo mafupi zaidi ya hayo.

Nikamsimulia mtihani wa wahunzi wa Marekani wanaotaka kuitwa mabingwa katika chama chao. Kisu alichokifua mtu kwa mkono wake hukata kwa pigo moja kamba inayoning'inia yenye unene wa inchi moja, kisha hukata mbao mbili, kisha baada ya hayo kinyoe malaika ya mkono, na mwisho kibanwe na kukunjwa nyuzi tisini bila kuvunjika. Alisikiliza kwa makini sana, akacheka.

"Kamba tunayo. Mbao tunazo. Lakini kisu cha kukikunja, nani atanilipia?"

Wakati huo binti yangu alikuwa amenunua vitunguu banda la pili. Bila kuniomba ruhusa alichukua vile visu vinne vya fungu la kwanza, akapiga goti mkekani, akakata kitunguu kimoja kwa kila kisu. Kisu butu hukisaga kitunguu na maji yake humrukia mtu machoni. Chenye makali hukipita kimya. Alivirudisha vitatu akabaki na kile cha mpini wa mpingo. Mpingo ni mti mzito hata ukitiwa majini huzama, na uzito ule nyuma ya mkono humpumzisha anayekata kutwa nzima. "Hiki, Baba," alisema, "kimekaa miaka yote hiyo kwenye kioo?" Mzee wa Newala alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi, na akaendelea na kazi yake.

Kuhusu bei, alinitajia za kila kisu isipokuwa hanjari. Alisema hiyo si kazi ya mhunzi, ni ya sonara. Chuma chake ni cha kawaida na fedha yake haimhusu. Visu vyangu vyote 31 vilivyobaki, pamoja na vile nilivyoviacha nyumbani na kumweleza kwa picha za simu, alivikadiria kwa jumla isiyofika shilingi laki saba. Nusu saa baadaye mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Dar es Salaam, aliyekuwa akizunguka mabandani, aliiona hanjari mkekani akanipa bei palepale: milioni moja na laki mbili. Nikashukuru, nikaikunja ndani ya kanga. Nilikwisha kupata nilichokifuata. Kisu kimoja kilizidi vingine vyote kwa thamani, na yeyote atakayekipata katika hesabu yangu nzuri ya vinne, 14, saba na saba, angekuwa amewadhulumu wenzake bila kukusudia.

Habari za bei hizo hutembea haraka. Tulipokuwa tukitoka langoni kijana mmoja alitusogelea na kifurushi, akanivuta kando. Ndani yake mlikuwa na jambia la mpini mweupe, lililozeeka vizuri, bapa lake lina mfereji katikati. Nakiri kwamba lilikuwa zuri. Niligeuza kitako cha mpini kwenye jua. Mfupa huonyesha vitone vidogo vyeusi. Plastiki huwa na mstari wa kalibu. Pembe ya ndovu ina mistari miembamba inayokatana kama wavu. Hii ilikuwa na wavu. Nikamrudishia, mpini ukimwelekea yeye. Alidhani napunguza bei, akashuka mara tatu.

Sheria yetu ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kununua, kuuza wala kumiliki nyara ya serikali bila kibali, na ukale wa kisu haumpi mtu kibali. Lakini zaidi ya sheria, sisi watu wa kusini tumeishi karibu na jambo hili. Mwaka 2009 tembo wa Selous na Mikumi walihesabiwa kuwa karibu 39,000. Sensa ya 2013 ilikuta 13,084. Mwenye jambia la namna hiyo nyumbani, alilorithi kwa babu, akaulize ofisi ya wanyamapori ya wilaya yake kabla hajafa, asiwaachie watoto kesi badala ya mali. Binti yangu aliniuliza njiani kama nilitamani. Nilimwambia ndiyo.

Niliporudi Mikindani nilimwendea sheikh wetu baada ya swala ya alasiri. Nilitaka kuusia hanjari kwa mwana wa kiume na kuwafidia mabinti kwa visu vingine. Alinikumbusha kwamba hakuna wasia kwa mrithi ila warithi wengine waridhie, na kwamba visu 31 haviwezi kufidia kimoja, kwa ushahidi wa mhunzi mwenyewe. Zawadi katika uhai inafaa, akasema, lakini hapo Mtume (S.A.W.) ameamrisha uadilifu baina ya watoto, na alikataa kumshuhudia Bashir aliyetaka kumpa mwanawe Nu'man peke yake. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, usawa huo ni sawa kwa sawa, wa kiume na wa kike. Tena zawadi haitimii mpaka ikabidhiwe. Kusema "hiki ni chako, kitabaki kabatini kwangu mpaka nife" hakutoshi.

Hilo la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi. Mkusanyaji hupenda kutoa kwa ulimi.

Hata hivyo nilitoa. Nilipanga mafungu matatu ya visu vitano vitano, kwa bei alizonitajia mzee wa Newala, yakalingana isipokuwa kwa shilingi elfu chache ambazo nilizijaza kwa fedha taslimu. Binti yangu mkubwa alichukua la kwake akalipeleka Masasi. Wa pili alichagua lenye mpingo. Siku ya tatu nilipita kwenye kibanda chake nikamkuta akipaa changu kwa kisu nilichokuwa nikikipangusa kila Ijumaa kwa kitambaa laini, magamba yamekiganda hadi kwenye noleo. Niliagiza chai, nikanywa, nikaondoka.

Ikabaki hanjari. Nilikwisha kuamua kabla sijampigia kijana wangu simu Dar es Salaam.

"Baba," alisema, "hujafa unagawa. Na hiyo ni ya wanaume wa ukoo. Babu alikuachia wewe, wewe uniachie mimi."

"Wanaume wa ukoo hawakusemezana miaka kumi na moja kwa ajili yake."

"Mimi sina ndugu wa kiume wa kugombana naye."

"Una dada wawili."

Akanyamaza. Nikamweleza kwamba nimeifanya wakfu: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, kila bwana harusi wa mtaa wetu anayetaka kuivaa siku ya ndoa yake ana haki ya kuivaa, tajiri na maskini, na kuirudisha. Khalid bin al-Walid (R.A.) aliziweka wakfu deraya na silaha zake kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, nami sikuona kwa nini silaha ya harusi isiwekwe. Sheikh ameandika, mashahidi wawili wametia saini, na msimamizi wake ni dada yake wa pili, kwa sababu anakaa karibu na ndiye anayejua kutunza chuma. Hakufurahi. Alisema atafikiri, kana kwamba bado kulikuwa na la kufikiriwa, na majuma mawili hakupiga simu. Mama yake aliniambia nimwache.

Msimamizi amenunua daftari la kurasa 96. Kila anayeazima huandika jina, tarehe ya ndoa, na jina la mtu mzima wa kumdhamini. Hurudisha kabla ya Ijumaa inayofuata, na ala iwe imefutwa jasho. Mpaka sasa imetoka mara mbili. Mwezi uliopita kijana wangu aliniletea habari njema kwamba amepata mchumba, na akaniuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama hanjari itakuwa na nafasi mwezi wa Rajabu. Nikamwambia mimi sina daftari, ampigie dada yake. Alimpigia. Dada yake akamwambia aje mwenyewe kutia saini, na aje na mdhamini.